Mama Ratili na Zabuni Namba Nne

Jumanne, tarehe 14 Mei 1996, saa nne na dakika kumi asubuhi, bahasha tano zilifunguliwa mbele ya watu kumi na mmoja katika ukumbi mdogo wa halmashauri ya mji, na bahasha namba nne ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko zote. Hilo halina ubishi. Daftari la kufungulia zabuni lipo, ukurasa wake haujachanika, na sahihi zote kumi na moja zinasomeka. Kumi ni za wino. Moja ni ya penseli, nayo ni ya mwanamke aliyezoea kuandika kwenye karatasi zilizoingia mafuta, ambazo hazishiki wino.

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa mizani. Jina lake la kwenye hati walilijua wachache; mji mzima ulimwita Mama Ratili, na hata mwalimu mkuu wa shule walikosoma watoto wake alimwandikia barua kwa jina hilo. Wakati zabuni inafunguliwa alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye mabega mapana, na miwani aliyoifunga kwa kamba nyuma ya kichwa ili isidondokee kazini.

Zabuni ilihusu upangaji wa miaka kumi na mitano wa jengo la mawe lililo pembeni ya ghala kuu la mazao. Lilikuwa na vyumba vitatu. Viwili vya mbele vilikuwa vitupu tangu ofisi ya ushuru ilipohamia jengo jipya. Cha ndani alikuwa akikipanga Mama Ratili mwezi kwa mwezi, kama alivyokipanga baba mkwe wake kabla yake. Halmashauri ilipotangaza kwamba jengo zima litapewa mpangaji mmoja, Mama Ratili alishirikiana na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwalimu mstaafu aliyetaka kufungua duka la vitabu na daftari katika vyumba vya mbele. Waliandika kiwango chao, wakafunga bahasha kwa gundi na uzi, wakaitumbukiza sandukuni siku tatu kabla ya mwisho.

Mtu angeweza kuuliza, kama wengi walivyouliza baadaye, kwa nini fundi asichukue vifaa vyake na kuhamia kwingine. Jibu lilikuwa katikati ya chumba cha ndani. Pale palikuwa na nguzo ya zege, pana kama meza ya watu wanne, iliyosimama kiasi cha kiuno cha mtu. Baba mkwe aliichimbia msingi wa urefu wa mtu mzima, akaacha nafasi ya vidole viwili kuizunguka ili isigusane na sakafu. Malori yalipopita barabarani kupeleka mizigo ghalani, sakafu ilitetemeka, madirisha yalilia, chai ilicheza kikombeni. Lakini mizani iliyowekwa juu ya nguzo ile haikujua kama kuna lori duniani. Nguzo haihamishiki, na kwa umri wao hakuna aliyeweza kuchimba nyingine. Bila nguzo, Mama Ratili angebaki kuwa mtu wa kubadilisha minyororo na kupaka rangi. Kupima kungekwisha.

Namna alivyoingia katika kazi hiyo inasimuliwa na pande zote kwa maneno yanayokaribiana. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa katika nyumba ya fundi wa mizani ambaye mwanawe wa pekee wa kiume alipenda pampu za maji kuliko kitu chochote kisicho na bomba. Mzee alikuwa amejaribu wanafunzi watatu, na wote wakamshinda kwa haraka zao. Wiki ya pili ya ndoa, bibi harusi, akifagia sebule, alisema bila kukusudia kuwa kabati la vyombo limeegemea kushoto. Mumewe akacheka, kabati lilikuwa pale tangu azaliwe. Mzee hakucheka. Alikwenda chumbani, akarudi na pimamaji, akaliweka juu ya kabati, akainama kutazama tone la hewa.

"Kesho," alimwambia, "ukimaliza shughuli zako njoo karakana."

"Kufagia, baba?"

"Kufagia nitafagia mimi. Wewe uje na hayo macho."

Alimfundisha kwa miaka kumi na tisa. Mambo mengi aliyomfundisha ni ya mikono na hayaelezeki kwa maandishi, lakini moja linaelezeka, na bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Mzee alikuwa na kibali cha kuzikagua mizani za wafanyabiashara. Iliyo sahihi aliigonga muhuri. Iliyo mbovu aliifunga kikadi kwa uzi wa katani, na juu ya kikadi iliandikwa mistari mitatu kwa penseli: tarehe, kosa lililoonekana, na jina la aliyepima. Sheria haikumtaka aandike kosa. Ilimtaka akatae tu.

"Ukikataa kitu cha mtu," alikuwa akisema, "usimwachie 'hapana' iliyo uchi. Ivishe. Mtu akijua kosa atalitengeneza, au atakuja kukuonyesha kwamba wewe ndiye uliyekosea. Vyote viwili ni faida."

Mama Ratili aliishika kanuni hiyo kama watu wanavyoshika dini. Muuza nyama mmoja, ambaye sasa ni mzee sana, anakumbuka kwamba aliingia karakana akiwa na hasira na kisu kiunoni, akitaka kujua ni nani aliyethubutu kuikataa mizani yake. Alisomewa kikadi. Akabisha. Akasomeshwa mizani yenyewe, jiwe kwa jiwe, kwa muda wa nusu saa. "Nilipofungwa miezi mitatu kwa kesi ya ng'ombe," anasema, "hakimu hakunipa maelezo hata robo ya yale. Nikatoka pale nimekosa, lakini nimeheshimiwa."

Barua ya halmashauri ilifika tarehe 6 Juni. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema zabuni namba nne haikukubaliwa. Ya pili ilimtaka mpangaji wa chumba cha ndani akikabidhi kikiwa kitupu ndani ya siku tisini. Chini yake palikuwa na sahihi na muhuri wa mviringo uliogongwa vizuri.

Mama Ratili aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza, akatazama upande wa nyuma. Mumewe, aliyekuwapo, anasema alifanya hivyo mara mbili.

"Unatafuta nini huko nyuma?"

"Mstari wa pili," akasema. "Kosa. Wameandika tarehe na jina. Kosa hawakuandika."

Asubuhi iliyofuata alikwenda masjala ya halmashauri. Kwa kumbukumbu zake yeye, alikwenda mara tisa. Daftari la wageni linaonyesha mara saba. Karani wa masjala, kijana mpole aliyekaa nyuma ya dirisha la wavu, hajasahau hata moja.

"Shikamoo, Mama. Umerudi tena."

"Marahaba. Nimerudi, maana nilichokifuata bado kiko kwenu."

"Lakini barua imeeleza kila kitu."

"Imeeleza kila kitu isipokuwa kimoja. Kwa nini?"

"Mama yangu, mimi nagonga muhuri tu. Sababu hazikai kwenye droo hii."

"Zinakaa droo ipi? Niambie nikasimame mbele yake."

Karani aliinua mabega. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi, na ambaye hakuna aliyemjua, alimsogelea Mama Ratili kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia.

"Mama, na wewe uwe mtu mzima. Mkono mtupu haulambwi."

Mama Ratili alimwonyesha kiganja chake. "Huu umejaa grisi. Anayetaka kuulamba aje."

Karani anasema alilazimika kuinama chini ya meza, akijifanya kutafuta kalamu, mpaka kicheko kimwishe.

Barua tatu ziliandikwa na wifi mtu kwa mwandiko wa ubao, herufi kubwa na zilizonyooka. Hakuna iliyojibiwa. Siku zikawa zinakwisha. Jioni moja mezani, wifi, ambaye ndiye aliyependa zaidi vyumba vile, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchoka.

"Wifi, tuyaache. Kuna vyumba nyuma ya posta. Vina umeme na vina choo chake."

"Vina nguzo?"

"Vina milango inayofungwa, ambayo kwenu kule haipo. Halmashauri ni halmashauri. Utashindana na mtu anayelala na muhuri chini ya mto?"

"Sishindani naye, wifi. Namuuliza."

"Ndiyo, unamuuliza. Na mimi nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini. Mtoto anayeuliza 'kwa nini' mara saba huwa simjibu, namtoa nje."

"Ulikuwa unakosea," alisema Mama Ratili, na akamwongezea mboga.

Mumewe, aliyekuwa akila kwa utulivu, akasafisha koo. "Dada, mwache. Maji ameshayavulia nguo. Kazi iliyobaki ni yetu mimi na wewe, kumshikia taulo."

Wakili aliyempata alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa, chumba kimoja chenye mafaili yaliyopangwa sakafuni kwa kukosa kabati. Alikuwa mtu wa makamo, mkweli kiasi cha kuwafukuza wateja. Mazungumzo yao ya kwanza yamehifadhiwa, kwa kuwa wakili huyo alikuwa na desturi ya kuandika maelezo ya kila mteja neno kwa neno, na daftari zake bado ziko kwa mjane wake.

"Unataka nini, Mama? Nyumba au fidia?"

"Nataka sababu."

"Sababu haikai mtu ndani yake. Nikuombee nyumba."

"Omba sababu kwanza."

"Nikuambie ukweli. Nikiomba sababu, na wakaja na sababu nzuri, umeshindwa. Nyumba imekwenda, na gharama utalipa. Afadhali tutafute kosa la utaratibu, tuwabane hapo."

"Wakija na sababu nzuri," alisema Mama Ratili, "nitahama mwenyewe na chumba nitawafagilia."

Pembeni ya maneno hayo wakili aliandika neno moja: *Kweli?* Kisha, kwa kalamu ya rangi nyingine, pengine siku nyingine: *Kweli.*

Maombi yalipelekwa mahakamani wiki mbili kabla ya siku tisini kwisha. Jaji alitoa zuio, kwamba mpangaji asitolewe mpaka shauri lisikilizwe, na kusikilizwa kukachukua karibu mwaka mzima kufikiwa. Katika mwaka huo Mama Ratili aliendelea kufanya kazi juu ya nguzo yake bila kujua kama kesho ni yake. Majirani wanasema hakupunguza wala kuongeza. Alipaka chokaa ukuta wa chumba ambacho huenda angenyang'anywa, na wifi yake alipomcheka kwa hilo alijibu kwamba ukuta hauna kesi na mtu.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi, tarehe 17 Julai 1997. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita na meza ya vielelezo iliyowekwa mbele ya jaji. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa mwanamke mwerevu na mwenye adabu, na hoja yake haikuwa ya kubezwa. Tangazo la zabuni, alisema, lilikuwa na maneno yanayojulikana na kila mzabuni: halmashauri haifungwi kukubali zabuni ya juu wala zabuni yoyote. Mwombaji aliyasoma maneno hayo na akaweka bahasha yake sandukuni. Sasa analalamikia nini?

Wakili wa Mama Ratili alijibu kwa ufupi. Kutofungwa kukubali, alisema, si ruhusa ya kukataa kimya kimya. Halmashauri inashika mali ya umma. Ikiachia kiwango cha juu na kuchukua cha chini, umma una haki ya kujua kwa nini, na aliyekataliwa ana haki hiyo kabla ya wengine. Akaweka mezani nakala ya muhtasari wa kikao cha kamati ya zabuni cha tarehe 4 Juni, ambayo mahakama ilikuwa imeamuru itolewe. Kuhusu bahasha namba nne, muhtasari ulikuwa na maneno mawili tu: *Haikukubaliwa.* na chini yake, *Endelea.*

Hapo ndipo mwanasheria wa halmashauri alipoomba kumhoji mwombaji kuhusu kiapo chake. Katika hati ya kiapo Mama Ratili alikuwa ameeleza desturi ya vikadi, na kuapa kwamba katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kumkatalia mtu kitu bila kumwandikia kosa.

"Unasimamia maneno hayo, Mama?"

"Nayasimamia."

Mwanasheria akamwashiria msaidizi, na ikaletwa mezani mizani ya vitanga viwili, yenye vumbi, iliyochukuliwa kutoka stoo ya halmashauri yenyewe. Kwenye mkono wa mizani hiyo palining'inia kikadi kwa uzi wa katani.

"Tusomee, tafadhali."

Mama Ratili alishuka kizimbani kwa ruhusa ya jaji, akavaa miwani, akakishika kikadi. Maandishi ya penseli hayafifii kama wino, yalikuwa wazi. Mstari wa kwanza: *3 Machi 1986.* Mstari wa tatu: jina lake. Mstari wa pili ulikuwa mtupu.

Nyuma kwenye mabenchi, mumewe alipoisikia ile tarehe aliinamisha kichwa, na wifi akaanza kusimama, naye mdogo wake huyo akamshika gauni akamkalisha.

"Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Na sababu iko wapi?"

"Haipo."

"Kwa hiyo kiapo chako si cha kweli."

"Hapo si cha kweli," alisema Mama Ratili. "Niliapa nikiamini. Nimekosea."

"Una maelezo yoyote ya kwa nini hukuandika?"

"Ninayo. Lakini hayo ni yangu. Si kosa la mizani, na mwenye mizani hayamhusu."

Wakili wake alifunga faili polepole. Alimwambia mkewe baadaye kwamba wakati huo alikuwa anafikiria namna ya kumpa pole.

Mama Ratili akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, mtu akija na kikadi changu nimjibu. Huyu amekuja. Amechelewa miaka kumi na moja, lakini na mimi nilichelewa kuandika. Naomba niipime."

Mwanasheria wa halmashauri alipinga. Haya, alisema, si maabara. Jaji, mwanamume mkimya ambaye hakuwa ameuliza swali tangu asubuhi, alitazama saa, akatazama mizani, akasema, "Ameulizwa sababu. Aachwe aitoe."

Jambo la kwanza alilofanya Mama Ratili ni kuangalia meza ya vielelezo. Aliinama, macho yakiwa sawa na ubao wake, akaomba karatasi, akaikunja mara nne na kuisukuma chini ya mguu mmoja. Aliomba feni izimwe. Akafuta vumbi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akachukua mawe mawili ya nusu kilo yaliyoletwa pamoja na mizani, akaweka moja kila upande, akasubiri mpaka mkono wa mizani utulie. Akayabadilisha: la kulia kushoto, la kushoto kulia. Akasubiri tena. Alirudia hivyo mara sita, na kila mara aliweka alama ndogo ya penseli kwenye karatasi. Kazi yote ilichukua dakika ishirini na mbili, kwa mujibu wa mwenendo wa shauri. Jaji aliacha kiti chake na kuja kusimama upande wa pili wa meza.

"Naona unayabadilisha mawe," alisema. "Kwa nini?"

"Kosa likihama pamoja na jiwe, Mheshimiwa, jiwe ndilo bovu. Likibaki upande uleule, mkono wa mizani umepinda. Hapa si hilo wala si lile. Mara linakuja huku, mara linakwenda kule, na mawe ni yaleyale." Aliuinua mkono wa mizani na kumwonyesha chuma kidogo cha katikati kinachoubeba. "Hii ncha imelika. Mizani hii haimpunji mnunuzi wala muuzaji. Kila ukiiuliza inakuambia jambo jipya. Ndiyo mbaya kuliko zote, maana huwezi hata kuizoea."

Akachukua penseli na, juu ya mstari uliokuwa mtupu, akaandika: *Ncha ya kati imelika.* Kando yake akaweka tarehe ya siku ile, ili mtu asije kudhani kwamba ilikuwapo tangu mwanzo. Kisha akarudi kizimbani bila kuambiwa.

Jaji alikaa. Alimuuliza mwanasheria wa halmashauri swali moja, na limo katika mwenendo neno kwa neno: "Shahidi huyu ameulizwa sababu leo, na ameitoa leo, hata baada ya kukiri kosa linalomdhuru mwenyewe. Mteja wako aliulizwa mwezi Juni mwaka jana. Ni ipi?"

Mwanasheria aliomba muda wa kushauriana na maofisa waliokuwa nyuma yake. Walinong'ona. Alirudi na kusema, kwa adabu ileile, kwamba hana maelekezo kuhusu hilo. Wapo wanaomsema vibaya mpaka leo. Lakini ni haki kuandika kwamba angeweza kubuni sababu palepale, na hakubuni.

Nje ya mahakama, chini ya veranda, wifi alishindwa kujizuia.

"Kwa nini hukusema? Ungesema tu, wote wangelia mle ndani."

"Ndiyo maana sikusema."

Jambo ambalo hakulisema ni hili. Tarehe 3 Machi 1986, saa za mchana, Mama Ratili alikuwa kwenye nguzo, kikadi mkononi, ameshaandika tarehe na jina kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, kosa liwekwe mwisho baada ya kupima mara ya sita. Mumewe alifika mlangoni akihema na kumwambia kwamba Mzee ameanguka uani. Aliweka penseli chini akakimbia. Baba mkwe hakuamka tena. Kati ya msiba na arobaini, mtu kutoka halmashauri alikuja kuchukua mizani yao, akaiona ina kikadi, akaichukua bila kusoma. Kikadi pekee alichopata kukiacha bila sababu kiliachwa siku aliyokufa mtu aliyemfundisha kuandika sababu. Mumewe ndiye anayesimulia haya. Mwenyewe, alipoulizwa, alisema tu, "Ningerudi siku ya pili nikamalize. Sikurudi."

Hukumu ilisomwa tarehe 29 Agosti. Jaji alikubali kwamba halmashauri haikufungwa kukubali zabuni ya juu. Alikataa kwamba ilikuwa huru kuikataa bila neno. Uamuzi wa tarehe 4 Juni ulifutwa, na kamati ikaamriwa kuiangalia upya zabuni namba nne ndani ya siku thelathini na, ikiwa itaikataa tena, kuandika kwa nini. Nyumba hakumpa, hilo, alisema, halikuwa lake kutoa. Kwa mwezi mmoja, basi, Mama Ratili alirudi palepale alipokuwa mwanzo, na tofauti moja tu: safari hii "hapana" ingekuja imevaa nguo.

Haikuja. Siku ya ishirini na nane karani wa masjala alileta barua mwenyewe, kwa miguu, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya tarishi. Ilikuwa na sentensi mbili. Zabuni namba nne imekubaliwa. Mzabuni afike kutia sahihi mkataba.

Wifi alipiga kigelegele kilichowatoa watu ghalani. Mumewe aliketi juu ya boksi la pampu akijipepea na kofia. Mama Ratili aliisoma barua, akaigeuza, akatazama upande wa nyuma.

"Mama," alisema karani, "umeshinda. Bado unaitafuta?"

"Hii ni sababu ya kukubali? Sioni. Na ile ya kukataa?"

"Mama yangu, hata mimi nimeitafuta. Nilifungua droo zote."

Mama Ratili alimtolea kijana yule kiti na kumpa chai. Karani anasema katika miaka yake yote ya utumishi hicho ndicho cheti cha sifa alichokipata.

Mkataba ulitiwa sahihi wiki iliyofuata, nao uko katika masjala, sahihi mbili za wapangaji chini yake, moja ya wino na moja ya penseli. Mama Ratili alifanya kazi juu ya nguzo ile miaka yote kumi na mitano. Duka la wifi lilikuwapo mbele, na watoto wa shule walinunua daftari huku wakisikia malori yakitetemesha rafu. Mizani ya stoo aliitengeneza mwezi Oktoba mwaka uleule, akaichonga ncha mpya, akaigonga muhuri na kuirudisha halmashauri bila kutoza. Kikadi hakurudishiwa, kiko katika jalada la shauri, Kielelezo cha Tatu, na penseli bado inasomeka, mistari yote mitatu.

Kamati ya zabuni ya mwaka 1996 ilikuwa na wajumbe saba. Watatu wamefariki. Mmoja hakupatikana. Wawili walisema hawakumbuki, na wa saba alisema anakumbuka kikao lakini si majadiliano yoyote kuhusu bahasha namba nne. Muhtasari una maneno mawili yaliyotajwa hapo juu, na rasimu yake haikuhifadhiwa. Kwa nini zabuni ya juu ilikataliwa tarehe 4 Juni 1996, haijulikani.